Tangazo lifike kabla ya tarehe yake: kuandaa taarifa ya wiki kwa wakazi wa Mombasa

Tangazo la maji likisomwa baada ya mfereji kukauka halimsaidii mtu. Ndivyo ilivyo kwa mkutano wa bajeti uliofanyika jana, na kwa mswada ambao muda wake wa maoni umekwisha. Mwongozo huu ni wa watu wawili watatu wa mtaa walio tayari kukusanya matangazo ya jiji kila wiki, kuyahakiki, kuyaandika kwa Kiswahili cha kueleweka na kuyafikisha kwa majirani yangali na faida. Mfano ni Mombasa, yenye kaunti ndogo sita na wadi 30, ila kalenda ya bajeti na sheria zinazotajwa humu zinahusu kaunti zote 47 za Kenya.

Gawaneni kazi: mmoja akusanye, wa pili ahakiki, wa tatu asambaze. Mkiwa wawili tu, hakikisheni anayehakiki si yule aliyekusanya. Karatasi uliyoihangaikia mwenyewe huwa vigumu kuitilia shaka.

Jambo hili ni la nani?

Kabla ya kuandika neno, jua mwenye dhamana. Mkazi akilalamikia taa ya barabarani kwa chifu, atasikilizwa kwa adabu na taa itabaki imezimika, kwa kuwa chifu ni mtumishi wa serikali ya kitaifa na taa ni za kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 ndilo lililogawanya kazi hizi.

Upande wa kaunti kuna taka, taa za barabarani, masoko, maegesho, leseni za biashara, chekechea, vyuo vya ufundi vya mtaani, zahanati na hospitali, ikiwemo Coast General. Maji ya mfereji yanasambazwa na kampuni ya kaunti, MOWASSCO. Upande wa kitaifa kuna polisi, vitambulisho, shule za msingi na za upili, pamoja na machifu na naibu makamishna wa kaunti. Stima ni ya Kenya Power (KPLC). Feri ya Likoni iko chini ya Halmashauri ya Bandari, KPA, kwa hiyo kumpigia mwakilishi wadi kelele kwa sababu ya foleni ya kivukoni ni kumwonea.

Barabara ndizo zinazowachanganya watu zaidi. Barabara kuu ni za KeNHA, nyingine za mjini ni za KURA, zote mbili halmashauri za kitaifa, na za ndani ya mitaa nyingi ni za kaunti. Usikisie. Kwenye kibao cha mradi huandikwa jina la mwajiri wa mkandarasi. Kipige picha na ulinakili jina hilo kama lilivyo. Pasipokuwa na kibao, muulize msimamizi wa wadi kabla hujamtaja mtu.

Tengeneza kalenda ya mwaka kwanza

Matangazo ya stima na maji huja bila mpangilio. Ya bajeti yana tarehe zilizowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na mtu mwenye kalenda hashtukizwi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Andika hizi kwenye karatasi kubwa na uibandike ukutani:

- Tarehe 1 Septemba: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka uwe umefikishwa kwenye bunge la kaunti. Unahusu mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata.
- Tarehe 28 Februari: Taarifa ya Mkakati wa Fedha wa Kaunti. Hapa kila idara inawekewa kikomo chake cha fedha. Bunge la kaunti lina siku 14 za kuijadili na kuipitisha.
- Tarehe 30 Aprili: makadirio ya bajeti yenyewe yafike bungeni.
- Tarehe 30 Juni: bajeti iwe imepitishwa.
- Ndani ya siku 90 baada ya Sheria ya Matumizi (inayoidhinisha bajeti) kupitishwa: Mswada wa Fedha, wenye ada za leseni, maegesho na masoko.
- Mwisho wa Oktoba, Januari, Aprili na Julai: ripoti ya matumizi ya robo mwaka iliyotangulia.

Kosa linalojirudia kila mwaka ni watu kujitokeza kwa wingi mwezi wa Mei na Juni kudai mtaro au choo cha soko. Wakati huo vikomo vya idara vimeshafungwa tangu Machi, na mradi ambao haukuwemo kwenye mpango wa Septemba itabidi unyang'anye fedha za mradi mwingine ndipo uingie. Mtaa unaotaka mtaro uanze kusema Julai na Agosti, mwaka mzima kabla. Halafu Februari wakazi warudi kutazama kama idara husika imepewa fedha za kutosha. Vikao vya Februari havina mvuto, wala hakuna mradi wa mtaa unaotajwa kwa jina, ndiyo maana viti hubaki vitupu. Hata hivyo ndivyo vyenye uzito kuliko vyote, na taarifa yenu ivipigie debe mara tatu, si mara moja.

Kuna pia bajeti ya ziada, inayoweza kuja wakati wowote katikati ya mwaka. Mradi uliopitishwa Juni unaweza kufutwa humo kimyakimya. Kila ikitokea, ilinganishe na bajeti ya awali, mstari kwa mstari, kwa wadi yenu peke yake. Kazi hiyo haizidi nusu saa.

Mahali pa kuchota

Gazeti Rasmi la Serikali hutoka Ijumaa. Mtafute aliye karibu na ofisi ya wakili au maktaba, au lisomeni mtandaoni. Tafuta neno Mombasa na jina la eneo lenu, kisha soma notisi za ardhi. Mtu anapodai hati yake ya umiliki imepotea, notisi hutolewa na kwa kawaida husema hati mpya itatolewa baada ya siku 60 kama hakuna pingamizi. Kiwanja cha mzee aliyefariki au aliye Ughaibuni kinaweza kupotelea hapo, kwa sababu tu hakuna aliyesoma. Matangazo mengine ya serikali huchapishwa kwenye magazeti ya kila siku, na yale ya tathmini ya athari za mazingira hutaja siku za kutoa maoni. Nakili siku hizo zilivyoandikwa, na uzihesabu tangu tarehe ya tangazo, si tangu siku uliyoliona.

Ofisi ya msimamizi wa wadi iwe na mtu wa kuipitia mara moja kwa wiki, kwa miguu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataja mbao za matangazo kama njia mojawapo ya kuwafikia wananchi, na kuna karatasi zinazobandikwa pale zisizoonekana kwingine. Piga picha karatasi nzima, pembe zote nne. Picha iliyokatwa juu imepoteza tarehe, na isiyo na tarehe haina kazi.

Kenya Power hutoa orodha ya maeneo yatakayozimwa stima kwa matengenezo, ikitaja siku, saa na majina ya mitaa. Dharura hazimo humo. Kwa hizo mkazi apige *977# au 97771 na achukue namba ya malalamiko, kwa kuwa bila namba hiyo ufuatiliaji wa kesho utaanza upya.

Maji yanataka kuelewa yatokako. Ya chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi, huteremka kwenye bomba kwa mvuto wa mwinuko. Ya Baricho, kando ya mto Sabaki kaunti ya Kilifi, husukumwa na pampu za umeme. Basi stima ikizimwa Baricho, hiyo ni habari ya maji kwa Kisauni na Nyali hata kama taa zao zinawaka. Umeme ukirudi, maji hayarudi papo hapo: bomba lijae kwanza, na nyumba za mwinukoni hupata mwisho. Waambieni watu wasitupe ndoo za akiba mara tu pampu zinapowashwa.

Kuhakiki: mambo matano kabla ya kutuma

Tangazo la zamani lililofufuliwa ni hatari kuliko la uongo, kwa sababu muhuri wake ni wa kweli.

Anza na siku na tarehe. Tangazo likisema "Jumanne tarehe 14", fungua kalenda. Kama tarehe 14 mwezi huu si Jumanne, tangazo ni la mwaka mwingine au limechezewa. Kipimo hiki cha sekunde kumi hukamata mengi kuliko vyote vinavyofuata.

Kisha tazama kichwa cha barua, namba ya kumbukumbu na cheo cha aliyetia saini. Tatu, litafute tangazo hilohilo kwenye ukurasa wa taasisi iliyolitoa. Kupewa na watu watatu tofauti si uthibitisho, huenda wote wamelitoa kwa mmoja. Nne, piga simu. Usiulize "Hii ni kweli?", utajibiwa "Ndiyo" na mtu ambaye hajaliona. Uliza hivi: "Habari ya asubuhi, bwana. Napiga kutoka Mtopanga. Mkutano wa bajeti wa wadi yetu ni lini na ni wapi?" Akikutajia mwenyewe siku na mahali, linganisha na karatasi. Andika cheo chake na saa uliyopiga.

Tano, tafuta fedha. Tangazo la kazi ya kaunti linaloomba "ada ya kushughulikia fomu" litupwe. Namba ya kulipia huduma isinakiliwe kutoka kwenye ujumbe wa simu hata kidogo. Mwelekeze mkazi kwenye ankara yake mwenyewe.

Jambo likikosa uthibitisho, lisitumwe na maneno "tunasikia" au "inasemekana". Msomaji husahau "inasemekana" kabla hajafika dukani. Liacheni hadi kesho.

Kuandika

Mpangilio usibadilike: nini, wapi, siku gani, saa ngapi, mkazi afanye nini, chanzo. Salamu na utangulizi viachwe nje.

Saa ndiyo inayoharibu taarifa nyingi. Matangazo mengi ya asili huandikwa kwa Kiingereza na kwa saa za Kizungu: 9.00 hadi 5.00. Mwenye haraka huandika "saa tisa hadi saa tano", na watu wanabaki na friji zilizojaa samaki saa tatu asubuhi stima ikizimwa. Ongeza au punguza sita kila mara, na uandike kipindi cha siku: saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Usichanganye mitindo miwili kwenye ujumbe mmoja.

Usiku nao una mtego wake, hasa Mji wa Kale na kwa wazee. Kwa wengi pwani siku huanza magharibi jua likitua, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Kijana wa kazini anaelewa kinyume chake. Andika kwa urefu: "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa". Hakuna atakayekosea.

Mahali pawe pa mtaani. "Zoni B" haimwambii mtu kitu. Taja msikiti, shule, kituo cha matatu. Lakini usipanue: tangazo likitaja nyumba za upande mmoja wa barabara, usiandike wadi nzima, maana wiki ijayo waliojaza ndoo bure hawatakusoma.

Maneno ya bajeti yafunguliwe mara ya kwanza yanapotokea. Makadirio ni hesabu ya fedha zinazotarajiwa kutumika, mswada ni sheria ambayo bado haijapitishwa, kikomo ni kiasi ambacho idara haiwezi kukipita. Kisha andika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Milioni na bilioni zimekosewa hata na waliosoma.

Wakazi wengi bado wanategemea ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa. Ukiweka kikaragosi (emoji) kimoja, au alama ya ritifaa (ile ya ng') iliyopinda ambayo simu nyingine huiweka zenyewe, ujumbe wote hushuka hadi herufi 70 na utalipia ujumbe mara mbili au tatu. Kwa wadi ya Ziwa la Ng'ombe hili si jambo dogo! Tumia ritifaa iliyonyooka. Mfano wa kubuni, ambao haufiki herufi 160:

STIMA KUZIMWA Jumatano 12, saa 3 asubuhi-saa 11 jioni: Ziwa la Ng'ombe. Pampu za maji pia zitasimama: jaza ndoo Jumanne. Chanzo: tangazo la KPLC.

Kusambaza

Chagua siku moja na saa moja, msiibadilishe. Jumapili saa 1 usiku hufaa wengi, kwa kuwa wiki bado haijaanza na watu wako nyumbani. Dharura zitumwe siku hiyohiyo, ila zisizidi mbili kwa wiki. Zikizidi, watu hunyamazisha simu.

Kundi la simu liwe la wasimamizi peke yao kuandika, na maswali yaende kwa namba moja iliyotajwa. Kundi la kila mtu kuandika hugeuka la rambirambi, biashara na siasa, na tangazo la maji huzama chini ya jumbe mia. Kwa wasiosoma vizuri, rekodi sauti isiyozidi dakika moja, ukitaja siku na saa mara mbili. Chapisha pia karatasi moja ya A4 kwa herufi kubwa, ukubwa wa 18 au zaidi, na uibandike dukani, kwenye kinyozi, kituo cha tuktuk na barazani wanapokaa wazee. Muombe imamu au mchungaji asome lile moja lenye tarehe ya karibu, si orodha nzima. Karatasi ya wiki iliyopita ing'oe kwa mkono wako. Ikibaki, kuna atakayeisoma kama ya leo.

Orodha ya namba za simu ni taarifa za watu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 pata ridhaa ya kila mmoja, mwondoe anayeomba kuondolewa, na usimpe mwanasiasa orodha hiyo hata akiahidi kulipia jumbe za mwaka mzima. Atalipia, na kufikia uchaguzi orodha itakuwa yake.

Mkazi akienda kwenye kikao

Tangazo la kikao cha umma litoke mara tatu: siku saba kabla, siku mbili kabla, na asubuhi ya siku yenyewe. Pamoja nalo toeni karatasi yenye kurasa mnazohusika nazo tu. Hati ya makadirio huwa na mamia ya kurasa na haisomeki kwenye foleni ya kuingia ukumbini.

Mzungumzaji hupewa dakika mbili tatu. Aseme jina la wadi, ukurasa, jina la mradi, kiasi kilichoandikwa na badiliko analotaka. "Tunataka maendeleo" huandikwa kwenye kumbukumbu kama pongezi. Maoni hayohayo yawe yameandikwa kwa nakala mbili: moja iachwe, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, arudi nayo nyumbani. Nakala hiyo yenye muhuri ndiyo uthibitisho. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo, kwa hiyo orodha ya mahudhurio na muhuri si karatasi za kupamba faili.

Saini orodha ya mahudhurio, ila soma kichwa chake kwanza. Kuna orodha ya waliohudhuria, na kuna orodha ya waliopokea nauli.

Ofisi ikikataa kutoa hati

Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 zinampa raia haki ya kuomba. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, upendavyo. Asiyejua kuandika aende aseme kwa mdomo, afisa aandike na ampe nakala. Hulazimiki kueleza sababu, na kuomba hakulipiwi. Unalipia gharama ya kunakili tu.

Taja hati moja kwa jina na mwaka. "Naomba taarifa zote za barabara" hukwama. "Naomba mkataba na ratiba ya kiasi cha kazi ya mtaro wa barabara fulani, mwaka wa fedha fulani" hujibika. Ofisi ina siku 21, au saa 48 kama jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu. Inaweza kuongeza siku 14 mara moja, ikieleza kwa nini. Ombi likifika ofisi isiyohusika, inapaswa kulihamisha ndani ya siku tano. Ukikataliwa, una siku 30 za kuomba mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala. Zihesabu kwenye kalenda ileile ya ukutani, kwa wino mwekundu.

Mkikosea

Mtakosea. Sahihisho litumwe kwenye njia zote lilikopita kosa, likianza na neno SAHIHISHO, likitaja kilichosemwa na kilicho sahihi: "Jumapili tuliandika Alhamisi. Ni Jumatano." Msifute ujumbe wa kwanza kimyakimya, kwa kuwa umeshatumwa kwa wengine msiowajua. Karatasi zilizobandikwa ziandikwe juu yake kwa kalamu nene siku hiyohiyo.

Wekeni daftari moja lenye tarehe, tangazo, chanzo, aliyehakiki, na mwishoni safu ya "Lilitokea?" Jazeni safu hiyo kila Jumamosi. Baada ya miezi mitatu itaonekana ni ofisi gani huahirisha mikutano dakika za mwisho, na siku zipi stima hurudi kabla ya saa iliyotajwa.